Mlo wa Saa Nne Mpakani

Jamaa za mtu huhesabiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya damu: fulani ni mwana wa fulani, wa mlango fulani, katika ukoo fulani. Njia hii ni nyepesi, maana haimdai mtu kitu. Hata aliyelala usingizi huweza kuongezewa ndugu bila ya habari yake. Njia ya pili ni ya chakula: fulani ni mtu niliyekula naye, nikamwona akichukua kipande kidogo ili mwenziwe apate kikubwa, nikajua kuwa hapendi pilipili na kwamba chai yake haitiwi sukari. Njia hii ni nzito, maana hudai nauli, hudai wakati, na hudai uvumilivu. Lakini mimi niliyezaliwa na kulelewa mpakani nimeona watu wengi waliohesabiana kwa damu wakapotezana, na nimeona wachache mno waliohesabiana kwa chakula wakapotezana. Katika insha hii nataka kuwaeleza vijana wa shule habari za mlo mmoja ambao jamaa yetu hula katika hoteli ya mji wa Busia, baada ya wakati wa chakula cha asubuhi na kabla ya wakati wa chakula cha mchana, na sababu zilizonifanya niamini kuwa mlo huo ni kazi wala si anasa.

Yafaa kwanza nieleze mahali penyewe. Msafiri atokaye Mombasa au Nairobi kwa njia ya nchi kavu kwenda Kampala aghalabu huingia Uganda kwa mmoja wa milango miwili: Malaba, upande wa kaskazini, ambako reli pia hupita, au Busia, upande wa kusini. Kati ya milango hiyo pana mwendo wa kilomita zipatazo 30. Kila mmoja wa miji hiyo kwa kweli ni miji miwili yenye jina moja, kwa kuwa kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na vivyo hivyo Malaba. Jogoo awikaye katika nchi moja huwaamsha watu wa nchi ya pili. Hata neno bodaboda, ambalo sasa hutamkwa katika kila mji wa Afrika Mashariki, lilizaliwa katika mipaka hii: waendesha baiskeli waliwapakia wasafiri na mizigo yao kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili, wakawaita abiria kwa kurudia rudia neno la Kiingereza la mpaka, mpaka neno hilo likawa jina la kazi yao.

Mpaka wenyewe si mkongwe kama wengi wadhanivyo. Kabla ya mwaka 1902, Kisumu na Naivasha zilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Mwaka huo serikali ya Kiingereza ilizihamishia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo tangu mwaka 1920 huitwa Kenya, na mpaka ukasogezwa magharibi hadi huku kwetu. Mahali pengine mstari ulifuata Mto Sio, na mahali pengine ukafuata Mto Malaba. Mito hiyo haikuwa imewagawanya watu. Watu waliinywa kutoka kingo zote mbili. Wasamia walikaa pande mbili za Sio na Wateso pande mbili za Malaba, na hivyo ndivyo walivyo hata leo. Mstari huo haukubomoa nyumba wala haukung'oa mti. Ulifanya jambo jingine la polepole zaidi: uliwapa watoto wa watu wamoja shule mbili, fedha mbili, na habari mbili za kuzungumza jioni.

Jamaa yetu ni mfano wa jambo hilo. Babu yangu mzaa baba alikuwa Msamia, na aliacha watoto watatu. Wa kwanza, baba yangu mkubwa, alipewa shamba na wajomba zake ng'ambo ya Mto Sio, akajenga huko na kuwa raia wa Uganda. Wa pili, shangazi yangu, aliolewa na Mteso, akahamia karibu na Malaba upande wa Kenya. Wa tatu, baba yangu, alibaki katika boma la babu, si mbali na mji wa Busia. Katika ujana wao ndugu hawa waliendeana kwa miguu, na hapana aliyewauliza neno. Kisha ikaja miaka migumu. Mwaka 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, na watu wa mpakani wakaanza kutazamana kwa hofu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imeundwa mwaka 1967, ikavunjika. Baba alinisimulia kuwa tangu wakati huo, kwa miaka mingi, ndugu hao watatu walionana mazishini tu. Nami nawaambia, ndugu wanaoonana mazishini tu hujuana nyuso zikiwa na machozi. Mtoto hukua akidhani kuwa baba yake mkubwa ni mtu asiyecheka kamwe.

Mlo wetu ulianza mwaka 2014. Tangu mwezi wa Januari wa mwaka huo serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilikubali raia wao wavuke mipaka kwa kitambulisho cha taifa, bila ya kulazimika kuwa na pasipoti. Baba mkubwa alipopata habari hiyo alituma neno kwamba amechoka kukutana na ndugu zake penye majeneza, na kwamba katika kila likizo ya shule, Jumamosi ya kwanza, atatungoja katika hoteli mjini Busia, na atakayekuja na aje. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na kupata kazi yangu ya kwanza. Nilikuja kwa heshima tu, nikitazamia mkutano wa wazee. Nilikuta sufuria ya furaha.

Saa ya mlo haikuchaguliwa na mtu. Ilichaguliwa na barabara. Baba mkubwa aliondoka kwake alfajiri akiwa amekunywa chai kavu tu, akapanda pikipiki, kisha akapita forodhani. Shangazi alipanda matatu kutoka Malaba, naye hakuwa ametia kitu kinywani. Wote wawili walifika yapata saa nne. Kwa chakula cha asubuhi wamechelewa. Kwa chakula cha mchana wamewahi. Na kuwaambia wangoje saa saba ni ukatili, kwa sababu kila mmoja alitaka kuwa njiani kurudi kabla ya jua kupungua nguvu. Basi milo miwili ikaunganishwa kuwa mmoja. Waingereza nao wana mlo wa namna hii, na mwaka 1895 walitungiwa neno lake kwa kuunga kipande cha jina la chakula cha asubuhi na kipande cha jina la chakula cha mchana. Lakini aliyelitunga aliutetea mlo huo kwa ajili ya watu waliochelewa kuamka siku ya Jumapili. Wao hula saa nne kwa kuwa wamechelewa kuamka. Sisi hula saa nne kwa kuwa tumeamka mapema mno.

Pana watu waliotulaumu. Walisema, na kwa haki yao, kwamba mwenye nyumba, na jiko, na kuku uani, hapaswi kuwapeleka watu wa damu yake wakale mtaani kama wapita njia. Baba yangu mwenyewe alikuwa wa shauri hilo. Siku ya kwanza aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliye tayari kuondoka, akasema kuwa angalichinja mbuzi nyumbani kwa gharama iyo hiyo. Shangazi ndiye aliyemjibu. Alisema: "Ndugu yangu, katika nyumba zenu nimepika harusi zote na matanga yote. Miaka hamsini nimesikia mkicheka nami nikiwa penye moshi, nisijue mnacheka nini. Leo nataka kusikia hadithi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho." Baba hakuwa na la kujibu. Alivuta kiti chake mbele, na tangu siku ile sijasikia tena habari ya mbuzi.

Neno la shangazi lilinifundisha jambo ambalo sikulipata katika vitabu vya chuoni. Karamu ya nyumbani ina heshima kubwa, lakini ina mwenyeji na mgeni, ina wanaokaa na wanaosimama. Kama tungalikula kwa baba, baba mkubwa angalikuwa mgeni katika boma alimozaliwa. Kama tungalikula kwa baba mkubwa, sisi tungalikuwa wageni wa nchi nyingine. Na popote tungalikula, mama zetu, dada zetu na wake zetu wangalikuwa jikoni. Katika hoteli hapana mwenyeji ila mwenye hoteli, ambaye hatuna ugomvi naye. Meza ile si ya mtu yeyote, na kwa sababu hiyo ilikuwa yetu sote.

Hoteli yenyewe si ya fahari. Ni chumba kirefu chenye meza za mbao zilizotandikwa vitambaa vya plastiki, beseni na mtungi wa maji ya kunawa mlangoni, na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa chaki. Mlangoni mtu hupika chapati juu ya bati la moto, na moshi wake ndio tangazo la biashara. Mhudumu hupokea fedha za nchi zote mbili, hukokotoa hesabu kichwani, wala sijamwona akikosea. Shilingi zetu zilikuwa moja hadi mwaka 1966, ambapo kila nchi ilianza kutoa fedha yake. Siku hizi shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 25 za Uganda. Mwanafunzi anayelalamika kuwa hesabu za uwiano hazina faida na aje aketi pale saa moja tu.

Kuhusu vyakula, kila mtu huagiza kwa kadiri ya nchi aliyotoka. Baba mkubwa hakutaka kingine ila katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo, ambayo kwa Waganda na jirani zao ndiyo staftahi ya mtu mwenye kazi. Baba yangu hula ugali mweusi wa unga wa mhogo na mtama, pamoja na samaki, hata kama ni saa nne asubuhi, naye husema kuwa tumbo halina saa ya ukutani. Shangazi hupenda chai ya maziwa na mandazi. Vijana wote huagiza chapati iliyokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga na mboga, ambayo huitwa rolex. Jina hilo halikutokana na saa ya mkononi. Lilitokana na maneno ya Kiingereza ya mayai ya kukunja, yaliyotamkwa upesi upesi na wauzaji wa Uganda mpaka yakawa neno moja. Kilivuka mpaka bila kitambulisho, na sasa huuzwa Busia yetu kama kwamba ni chetu tangu awali.

Majina ya vyakula juu ya meza ile ni somo kamili la jiografia. Samaki wadogo wa Ziwa Viktoria tunaowaita omena, binamu zangu huwaita mukene, na Watanzania huwaita dagaa. Ugali wetu kwao ni posho. Tulibishana siku moja nzima juu ya majina hayo, mpaka shangazi akasema kuwa samaki hana habari na ubishi wetu, yeye anajua maji tu. Nikafikiri kuwa ndivyo ulivyo mpaka: hubadilisha jina la kitu kabla haujabadilisha kitu chenyewe. Tena, ukitazama vema, vyakula vingi vya mezani pale vilikuwa wageni siku moja. Mahindi na mhogo vilitoka bara la Amerika. Chapati ilitoka Bara Hindi. Samaki mkubwa aitwaye mbuta alitiwa katika ziwa letu miaka ya 1950. Wageni hao wote wamekuwa wenyeji kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba waliliwa kila siku. Kinacholiwa pamoja kila siku huwa chetu. Na kisicholiwa, ingawa kilikuwa chetu, husahauliwa.

Wala hili si jambo la kwetu peke yetu. Huko Marekani, katika New York na vitongoji vya miji jirani, hoteli nyingi ndogo zilishikwa na wahamiaji wa Kiyunani katika karne ya 20. Watu hao walitoka vijijini na visiwani kwao bila mali nyingi, wakajifunza kupika vyakula vya watu wa kila namna, wakawa wanatoa mayai na mkate hata saa ya usiku. Huko jamaa zilizotawanyika kwa kazi hukutana asubuhi ya mwisho wa juma, wazee kwa watoto, kwenye meza ya mtu asiye wa ukoo wao. Mwaka 1963 mtu mmoja aitwaye Leslie Buck alichora kikombe cha karatasi chenye rangi za bendera ya Uyunani, buluu na nyeupe, kilichoandikwa maneno ya kusema kwamba tunafurahi kuwahudumia. Kikombe hicho kikawa alama ya mji wa New York. Buck mwenyewe hakuwa Myunani. Alizaliwa Chekoslovakia, wazazi wake waliuawa na Wanazi, naye alinusurika katika kambi zao. Mara nyingi nimefikiri juu ya habari hiyo. Mtu aliyenyang'anywa meza ya kwao ndiye aliyewachorea watu wengine kikombe cha kuwakaribisha. Yamkini thamani ya kuketi pamoja hujulikana zaidi na yule aliyewahi kuikosa.

Sisi nasi tuliikosa. Mwezi wa Machi mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, kwa maana nchi haziwezi kuishi bila mafuta na chakula. Na pale Malaba madereva walipanga foleni ndefu sana wakingoja kupimwa. Lakini watu wa kawaida hawakuruhusiwa. Gunia la mahindi liliweza kuvuka, ndugu hakuweza. Silaumu amri ile, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua. Nasema tu jinsi ilivyokuwa kwetu. Katikati ya mwaka huo baba mkubwa aliugua, si korona bali moyo, na baada ya siku tisa akafa.

Kutoka boma letu hadi kaburi lake si safari ya saa mbili. Palikuwa na watu waliokuja kumwambia baba kuwa ziko njia za panya mtoni, na kwamba kwa fedha kidogo angeweza kuvushwa usiku. Baba alikataa. Alisema kuwa ndugu yake alipita forodhani miaka yote kwa mchana na kwa jina lake, na kwamba hatamzika kwa kunyata. Siku ya mazishi binamu yangu alipiga simu na kuiweka karibu na kaburi. Tulikaa chini ya mwembe, baba akaishika simu kwa mikono miwili kama mtu ashikaye bakuli lililojaa, tukasikia nyimbo, tukasikia upepo, kisha tukasikia udongo. Shangazi naye alisikiliza kwake Malaba. Hivyo ndugu watatu walikuwa pamoja, mmoja kaburini na wawili kwenye simu. Hata mazishini, mahali pale tulipozoea kukutana zamani, safari hii hatukukutana.

Mpaka ulipofunguliwa tena hatukurudi hotelini mara moja. Kila mmoja alikuwa na udhuru: nauli imepanda, shule zimevurugika, mazao ni haba. Nyuma ya udhuru palikuwa na swali ambalo hapana aliyelitamka. Baba mkubwa ndiye aliyeita watu. Baba mkubwa ndiye aliyelipa. Kila mara, baada ya chai ya mwisho, alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua polepole, akahesabu noti za Uganda mbele ya watu wote. Kwa desturi yetu, kulipa namna hiyo si kutoa fedha tu. Ni kutangaza kuwa huyu ndiye mkubwa, na kwamba wote waliopo ni watu wake. Basi sasa nani ataita? Nani atalipa? Ukoo huweza kufa kwa swali dogo kama hilo, si kwa vita wala kwa matusi, bali kwa adabu. Kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze.

Shangazi ndiye aliyeanza. Mwezi wa Aprili mwaka 2022 alituma neno kwamba Jumamosi atakuwa hotelini, na kwamba yeye ni mzee, hapendi kula peke yake. Tulikuja watu kumi na wanne. Alikuja mwana wa kwanza wa baba mkubwa, ambaye ni mwendesha pikipiki upande wa Uganda, pamoja na mke wake na watoto watatu. Tulisalimiana kwa "Mulembe" ya Wasamia, na wana wa shangazi wakatusalimu kwa "Yoga" ya Wateso, kisha pakawa kimya. Watoto ndio walionitia hofu. Wa kwangu wamezoea Kiswahili na Kiingereza cha shuleni. Wa binamu yangu wamezoea Luganda cha mjini. Kisamia walikuwa nacho wote, lakini kidogo, kama sarafu zilizobaki mfukoni baada ya safari. Walitazamana kama watoto wa kabila mbili. Nikaona kwa macho yangu kazi ile ya polepole ambayo mstari wa mwaka 1902 ungali ukiifanya.

Aliyeuvunja ukimya ule alikuwa binti wa binamu yangu, mtoto wa miaka minane hivi. Alimgeukia mhudumu akasema kwa Kiswahili kilichovunjika vunjika, "Mimi nataka chapati moja na mayai mbili." Binti yangu akacheka, akamsahihisha: "Mayai mawili." Yule naye akauliza, "Kwa nini mawili?" Wakaanza kubishana juu ya sarufi, na mwalimu aliyekuwapo akanyamaza kwa furaha. Kabla chai haijapoa walikuwa wanakula sahani moja. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Baraza la Mawaziri la Uganda lilikata shauri Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mtoto yule na mayai yake mawili. Lugha hufundishwa darasani, lakini njaa na urafiki ni walimu wenye bidii kuliko sisi.

Kisha ikaja hesabu. Ilikuwa shilingi 3,400 za Kenya. Baba akatia mkono mfukoni, nami nikatia wangu, maana tuna mishahara na akiba kidogo. Lakini binamu yangu alikuwa amekwisha kutoa kitambaa. Kilikuwa kitambaa kile kile cha baba yake. Alikifungua, akaanza kuhesabu noti za Uganda, karibu shilingi laki moja, na sote tulijua ni siku ngapi za jua na vumbi juu ya pikipiki. Baba akasema kwa huruma, "Mwanangu, acha. Una watoto. Hii niachie mimi." Binamu yangu akajibu bila kuinua macho, "Hapana, Baba mdogo." Baba alitaka kusema tena, na mkono wake ulikuwa umekwisha kufika juu ya meza. Shangazi akaushika mkono huo, akasema: "Mwache alipe. Ukimnyang'anya gharama, umemnyang'anya baba yake."

Baba akaurudisha mkono. Binamu yangu akamaliza kuhesabu, mhudumu akapokea, na meza nzima ikashusha pumzi. Mara iliyofuata baba alilipa, na mara ya tatu nikalipa mimi, na hapana aliyetuzuia. Nikaelewa kuwa huruma, ingawa ni njema, huweza kumtoa mtu katika hesabu ya watu wake. Anayelishwa daima na asiruhusiwe kulisha si ndugu. Ni mgeni anayependwa.

Serikali zetu nazo zimefanya kazi yao, na haki yao ni kushukuriwa. Mkataba wa kuihuisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2000. Soko la pamoja likaanza mwaka 2010. Na mwezi wa Februari mwaka 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, badala ya mara mbili. Mambo hayo yamefupisha njia. Lakini mkataba waweza kufungua lango, wala hauwezi kumlazimisha mtu kupita. Jumuiya ya kwanza ilikuwa na sahihi za wakubwa, na miaka kumi tu ikatosha kuivunja. Lango lililofunguliwa na lisipitwe huota nyasi kama lililofungwa.

Kwa hiyo, vijana, nawapa shauri la mtu aliyeona. Kila mmoja wenu ana mpaka karibu naye, ingawa haukai katika Busia. Kwa mwingine mpaka ni mji ambao kaka yake alihamia; kwa mwingine ni shamba ambalo wazee waligombania; kwa mwingine ni elimu yenyewe, maana aliyesoma na asiyesoma huweza kukaa nyumba moja wakawa nchi mbili. Msingoje mpaka uondolewe ndipo muonane, kwa sababu mipaka huishi kuliko watu. Wala msingoje mauti yawaite, kwa sababu nimewaonyesha kuwa hata mauti huweza kuita na njia ikakosekana. Chagueni siku, chagueni mahali ambapo hapana aliye mkubwa wala mgeni, na saa ambayo aliye mbali kuliko wote aweza kufika. Chakula na kiwe chochote. Aliye maskini aachiwe zamu yake ya kulipa, na aliyezoea kupika apewe kiti. Na watakapoketi watoto ambao lugha zao zimeachana, wapeni sahani moja, kisha nyamazeni.